Shangazi yangu ni kasisi, ila ninakofungia ndoa hawamtambui. Avae nini, akae wapi?

Binti_wa_Mpwapwa:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina jambo linaninyima usingizi, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kurushiana mistari.

Nimezaliwa Mpwapwa na nimekulia Anglikana ya kwetu, ya nyimbo ndefu na mahubiri marefu kuliko nyimbo. Shangazi yangu, dada wa baba wa tumbo moja, ni kasisi katika Dayosisi ya Central Tanganyika. Alianza kama mwinjilisti, akaenda kusoma Kongwa, akawekwa ushemasi, kisha ukasisi. Darasa langu la kipaimara alilifundisha yeye, na alikuwa mkali kweli. Bibi alipofariki, ndiye aliyeongoza maziko. Baba na baba zangu wadogo walikuwa wameishiwa nguvu, yeye akasimama na kanzu yake, kitabu mkononi, akamzika mama yake mzazi bila kuruka hata sala moja. Alilia jioni, alipokwisha kuivua ile kanzu na kuikunja.

Sasa nimepata mchumba. Naye ni Mwanglikana, nikadhani upande huo hatutakuwa na shida. Lakini kwao ni kusini, kule kulikoinjilishwa na UMCA, wamisionari wa Kianglikana wenye desturi za Kikatoliki, na ndoa tunafungia huku kwa sababu sote wawili ndiko tunakofanya kazi. Ni Anglikana nyingine kabisa: ubani, kengele, kupiga goti, Misa kila Jumapili. Nimepapenda, sitaki kuwadanganya.

Tulipopeleka majina kwa ajili ya matangazo, nilimwambia padre kwamba kwetu tuna kasisi katika familia na tungeomba abariki pete, au hata atoe ile baraka ya mwisho tu. Akachukua kalamu aandike jina. "Anaitwa nani huyo mjomba?" Nikamwambia si mjomba, ni shangazi. Akaiweka kalamu chini taratibu. Akanieleza kwa upole, kwa kweli hakunikaripia, kwamba dayosisi yao haijakubali upadre wa wanawake, kwa hiyo hapa kwao shangazi ni muumini kama waumini wengine, anakaribishwa sana akae na wazazi. Nikauliza, je, akija na kanzu na stola, ile skafu ya kikasisi? Akasema, "Asije nazo."

Baba aliposikia alisema harusi irudi Mpwapwa, la sivyo yeye haji. Mama mkwe anasema kadi zimeshachapwa. Na baba mdogo wa mchumba wangu, tangu tarehe 3 Oktoba 2025 alipotangazwa Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho, kila kikao cha harusi anakigeuza sinodi. Yeye anasoma 1 Timotheo 2:12, pale mwanamke anapokatazwa kufundisha, mjumbe wa upande wetu anamjibu kwa Fibi, yule mhudumu wa kanisa wa Warumi 16, na kamati ya chakula inaondoka bila kutoa taarifa.

Sitafuti nani ana haki kuhusu upadre wa wanawake, hilo limewashinda wakubwa. Ninachotaka kuelewa ni hiki: kanisa letu ni moja, Askofu Mkuu wa Tanzania ni mmoja, inakuwaje mtu awe kasisi akiwa Dodoma, akishuka basi huku awe muumini tu? Padre ana haki kweli ya kukataa? Na nimfanyie nini shangazi asiwe mtu wa kukalishwa pembeni, bila kumgombanisha padre na askofu wake?

Kengele_ya_Pili:

Hamishieni harusi KKKT, kwa Walutheri, kule wachungaji wanawake wapo tele. Shida imekwisha. Karibu.

Binti_wa_Mpwapwa:

Asante kwa wepesi wako. Nikihamia KKKT, baba mdogo atapata ajenda ya miaka kumi.

Mzee_wa_Sakristia:

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu, hongera kwa uchumba. Nimehudumu sakristia tangu nikiwa kijana wa kubeba chetezo, na nitakujibu bila kuzunguka.

Padre wako alifanya haki. Hata angekuwa mjomba, kasisi wa dayosisi nyingine hapandi altare ya watu bila ruhusa ya mwenye parishi, na juu yake askofu wa mahali. Tofauti ni kwamba mjomba angepewa ruhusa hiyo kwa kuulizwa tu, na shangazi hatapewa. Na hatapewa kwa sababu kanisa letu hapa nchini lilizaliwa mara mbili. UMCA walijikita Zanzibar mwaka 1864, wakaja na Ukatoliki wa Kiingereza, wakajenga kanisa kuu Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. CMS, wamisionari wa upande wa kiinjili, wakafika kwenu Mpwapwa mwaka 1876 na Biblia na uamsho wao. Tumeunganishwa katika jimbo moja lililoanza 1960 kwa Afrika Mashariki, na tangu 1970 jimbo la Tanzania peke yake, lakini kila mtoto alibaki na malezi ya mama yake. Jambo la wanawake lilipokuja, jimbo liliiachia kila dayosisi iamue. Kwenu wameamua, na marehemu Askofu Mdimi Mhogolo alilitetea hadharani. Kwetu hatujaamua hivyo.

Sasa sababu, maana vijana mnadhani ni dharau. Aliyenifundisha kusali ni mwanamke. Masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu wamenilea mimi na kijiji kizima. Katika watakatifu wote hatuna wa kumweka juu ya Bikira Maria, na yeye hakuwekwa miongoni mwa wale Kumi na Wawili. Bwana aliyeongea na Msamaria kisimani na kumtuma Magdalena kwa mitume hakuwa mtu wa kuogopa desturi. Kama angetaka, angefanya. Na daraja ya ukasisi hatukuitunga sisi, tumeipokea pamoja na Roma na Waorthodoksi, sinodi ya dayosisi moja haiwezi kuipigia kura kama bajeti. Nikipiga goti kupokea mwili wa Bwana sitaki niwe na shaka, hata ndogo kama punje, kuhusu mkono ulioubariki mkate. Ukishaniletea shaka hiyo umenichukulia kitu ambacho huwezi kunirudishia.

Stola nayo si pambo la sherehe. Akiivaa ndani ya kanisa letu, tutakuwa tumetamka kitu ambacho sinodi yetu haijatamka. Padre akikubali kimyakimya, wewe utaondoka na mumeo kwenda fungate, yeye atabaki kujibu barua.

Mwana_wa_Butere:

Shikamoo Mzee. Naandika kutoka Kenya, na askofu wangu ni mwanamke, Rose Okeno, aliyewekwa wakfu 2021. Mapema mwaka huohuo Emily Onyango alikuwa amewekwa kuwa askofu msaidizi wa Bondo. Mbingu hazijaanguka. Mikutano ya parishi yetu bado ni ya paa na michango ya paa.

Mzee, umesema hatuwezi kupigia kura. Lakini kura ilipigwa, tena hapahapa kwetu. Baraza la Ushauri la Anglikana lilikutana kwa mara ya kwanza Limuru, Kiambu, 1971. Askofu wa Hong Kong akaleta swali: nikiwaweka wanawake ukasisi kwa ridhaa ya sinodi yangu, mtanikubali? Wakasema ndiyo, kura 24 kwa 22. Kura mbili tu! Mwaka huohuo wanawake wawili wakawekwa huko Hong Kong. Kwa hiyo yeyote anayedai jambo hili limeletwa na Wazungu wa juzi aambiwe lilipata kibali Kiambu, kwenye majani chai, Uingereza ikiwa bado inajikuna kichwa. Sinodi Kuu ya Uingereza haikukubali mpaka Novemba 1992, na makasisi wao wa kwanza wanawake wakawekwa Bristol Machi 1994. Kufikia hapo sisi tulikuwa mbele miaka mingi. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimwekea mikono Lucia Okuthe 1983, na mwaka huohuo kule Kigezi, Uganda, Askofu Festo Kivengere akawaweka wanawake watatu. Kivengere ni mtoto wa uamsho, hakuna wa kumwita mliberali.

Na hii ya Roma, naomba uniwie radhi. Papa Leo XIII alitangaza mwaka 1896 kwamba daraja zetu za Kianglikana ni batili kabisa. Zote. Zikiwamo za padre wako na za maaskofu wa UMCA waliovaa kofia ndefu kuliko za Roma yenyewe. Kama ni shaka, machoni pa Roma Mzee umekuwa ukipiga goti ndani ya shaka tangu ujana wako, na bado umepata neema. Inakuwaje shaka ya Roma uivumilie na ya shangazi ikushinde?

Mzee_wa_Sakristia:

Marahaba mwanangu, umenipiga pazuri. Lakini maaskofu wakuu wa Canterbury na York walimjibu Papa mwaka uliofuata, 1897, kwa waraka mrefu, na hoja yao ilikuwa kwamba tunatenda kile ambacho Kanisa limetenda siku zote. Tukiacha kukitenda, ule waraka unabaki bila miguu. Roma kutukataa kwa kosa lake hakunipi mimi ruhusa ya kumtengenezea sababu.

Na hao Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, mnaokwenda nao bega kwa bega hamjawasikiliza. Mwaka 2018 waliomba majimbo yao yasiweke maaskofu wanawake mpaka pawe na makubaliano. Kenya mkaweka wawili mwaka mmoja.

Mwana_wa_Butere:

Ni kweli tuliweka. Na Gafcon hawana sauti moja: Uganda wamo ndani na wana makasisi wanawake kwa miaka. Askofu Mkuu Mbanda wa Rwanda alipompinga Mullally alitaja uanamke wake na pia msimamo wake kuhusu ndoa za jinsia moja. Wengi mitandaoni wanayachanganya hayo mawili yawe kitu kimoja. Mimi la pili nakubaliana naye, la kwanza sikubaliani, na sioni kwa nini nilazimishwe kubeba yote kwa furushi moja.

Kasisi_Mama:

Wapendwa, Yesu asifiwe. Mimi mwenyewe ni kasisi, na nimewahi kuwa huyo shangazi. Ilikuwa msiba, katika dayosisi ambayo sitaitaja. Nilikwenda na kola shingoni kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Mlangoni mzee mmoja akanipokea kwa heshima zote: "Karibu mama mchungaji, mzee yuko wapi?" Akawa anaangalia nyuma yangu amwone mume wangu. Mume wangu ni fundi wa magari, siku hiyo alikuwa chini ya lori.

Kukaa benchi hakukuniuma. Nimekaa mabenchi mengi kabla ya kuwekewa mikono. Kilichoniuma ni kwamba familia walikuwa wamegombana kwa ajili yangu siku mbili nzima na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza ninachotaka. Ningewaambia nataka kumlilia binamu yangu, basi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nimesoma barua yako yote. Baba amesema, padre amesema, mama mkwe amesema, baba mdogo amesoma Timotheo. Shangazi amesema nini?

Jambo jingine, hili ni la kumpa yeye kama moyo wake ni mzito. Mwanamke wa kwanza kupewa ukasisi katika Anglikana, Florence Li Tim-Oi, aliwekewa mikono Januari 1944 na Askofu Hall wa Hong Kong, China ikiwa vitani, kwa sababu Wakristo wa Macau hawakuwa na kasisi wa kuwapa Ekaristi. Vita vilipokwisha maaskofu wa kwingine walipandwa na hasira, na mwaka 1946 akaacha kutumia kibali chake cha kuhudumu ili askofu wake asilazimishwe kujiuzulu. Aliacha kibali, daraja hakuiacha. Alikaa hivyo miaka zaidi ya ishirini hadi alipotambuliwa tena. Jumamosi moja ya harusi si kitu.

Mzee_wa_Sakristia:

Kasisi, au nikuite mama, unisamehe sijui nikuiteje. Huyo mzee wa mlangoni nimemwelewa vizuri mno kwa sababu ningeweza kuwa mimi. Msimamo wangu haujabadilika. Ila mtu akija na kola aulizwe yeye ni nani, asiulizwe mumewe.

Kasisi_Mama:

Niite dada, Mzee. Shikamoo.

Wakili_wa_Mtaani:

Nimepita kimya, ila kuna pembe moja hamjaigusa. Teolojia ya magharibi inasema wanaofunga ndoa ni bwana na bibi harusi wenyewe kwa kiapo chao, kasisi ni shahidi wa Kanisa na mtoa baraka. Kwa hiyo ndoa yako haitakuwa pungufu shangazi akibariki, wala haitakuwa pungufu asipobariki. Hilo litulize pande zote mbili.

Upande wa serikali: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayefungisha ndoa kanisani lazima awe na leseni ya kufungisha ndoa, na huyo hapo ni padre wa parishi. Taarifa ya kusudio la kuoana inatakiwa itolewe siku 21 kabla, hakikisheni mnaihesabu vizuri. Na sheria inataka mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi hahitaji daraja lolote. Kwa nini shangazi asiwe shahidi wako? Atasogea mbele, atasimama pale mezani padre akiwa upande wa pili, atasaini cheti. Jina lake litakaa kwenye hati ya ndoa, wakati baraka ya mwisho hata video itaikata.

Kuhusu nani ni Mwanglikana wa kweli, maaskofu wa dunia nzima walikwisha kusema kwenye mkutano wao wa Lambeth 1998: anayekubali wanawake wawekwe na asiyekubali, wote wawili ni Waanglikana waaminifu. Mchapishie baba yako nakala moja, na baba mdogo nakala moja.

Kengele_ya_Pili:

Narudia, KKKT.

Binti_wa_Mpwapwa:

Nimerudi na taarifa. Asanteni nyote, Mzee ukiwamo, maana wewe ndiye uliyenieleza vizuri zaidi kwa nini padre aliweka kalamu chini.

Kwanza nilimpigia shangazi, kama Kasisi_Mama alivyoniambia. Nilianza kwa kuzunguka, akanikata: "Baba yako amekwisha kunipigia mara tatu analia. Sema." Nikasema. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: harusi ni Jumamosi, ni nani atakayemshikia ibada ya Jumapili Mpwapwa, maana ana ubatizo na hawezi kuwahi kurudi kutoka kusini? Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Kuhusu stola alisema, "Mimi nilipewa niwahudumie watu walionipokea. Wasionipokea nitawasalimia." Lakini alikataa jambo moja: kuja bila kola. Alisema kola haihubiri, na haendi mahali akijificha.

Halafu nikamwandikia padre barua. Safari hii sikuomba abariki pete. Niliomba shangazi asome somo, aongoze sala za waumini, na asaini kama shahidi wangu, akiwa na gauni lake la kawaida na kola. Nikaeleza kwamba hatagusa altare na hatatoa baraka ndani ya kanisa. Padre alikaa nayo wiki nzima, nadhani alikwenda kuuliza juu. Jibu lake: somo, sawa, hata walei wanasoma. Ushahidi, sawa. Kola, "sitamtazama shingoni." Sala za waumini amempa mtu mwingine, hakusema kwa nini, na mimi nimeamua kutouliza. Baraka shangazi atatoa ukumbini kabla ya chakula, kule si mamlaka ya padre wala ya sinodi, ni ya mwenyekiti wa kamati.

Sijaridhika kabisa. Niwe mkweli. Mwanamke aliyenifundisha Kanuni ya Imani atasoma aya zake kama mlei yeyote kisha arudi benchi, na mvulana wa miaka kumi na miwili mwenye chetezo atakuwa karibu na altare kuliko yeye. Mzee, hoja zako nimezielewa moja moja. Nikimweka huyo mvulana mbele yangu zinaninyong'onyea tena. Lakini ni kanisa lao, nami nitakuwa muumini wao, na watoto wangu watabatizwa hapa. Labda mmoja wao atauliza kwenye sinodi yao kile nisichoweza kuuliza mimi mgeni.

Ibada ya Jumapili ya shangazi imepata mtu: kasisi wa parishi jirani, mwanamke mwenzake.

Aliyebaki ni baba. Shangazi amekubali, padre amekubali, yeye bado anasema haji mahali dada yake anapovuliwa daraja. Nimemweleza kuwa hakuna aliyemvua, nimempa mpaka ile ya Lambeth. Jana ameniuliza kama basi la kusini linaondoka alfajiri au usiku, nikajibu usiku, akakata simu. Waliowahi kumbembeleza mzee wa Kigogo, hiyo ni dalili nzuri au anataka tu kujua basi gani la kutopanda?